Mnyama wa Mashine na Upweke wa Mwanadamu

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Wasemaji: Mwalimu, na wanafunzi wawili wa kisomo waliokuwapo studioni, Mama na Mzee.

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya saa ya somo, andika ubaoni maneno haya manne kwa herufi kubwa: ROBOTI, KIHISIO, UPWEKE, KULIWAZA. Wanafunzi wayanakili katika daftari zao.

MWALIMU: Natumaini kila darasa limekwisha kaa tayari, redio imewekwa mahali ambapo wote wasikia, na kila mtu ana daftari na kalamu. Leo hapa studioni ninao wanafunzi wawili wa kisomo, Mama mmoja na Mzee mmoja. Nimewaomba wasinyamaze. Penye neno lisiloeleweka, wataniuliza kwa niaba yenu.

Somo letu la leo lahusu wanyama waliotengenezwa na mafundi. Hawali, hawanywi, wala hawazai. Hata hivyo, katika nchi nyingine wako wazee wanaowapakata na kuzungumza nao kila siku. Tutajifunza wanyama hao ni kitu gani, wafanyaje kazi, na kama wamfaa mtu mwenye huzuni au wamdanganya tu.

Tazameni neno la kwanza ubaoni: roboti. Roboti ni mashine yenye kompyuta ndani yake, iwezayo kufanya kazi fulani yenyewe bila mtu kuishika. Neno hili lilianza kusikiwa kutokana na mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki. Katika lugha ya Kicheki, robota maana yake ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Kwa hiyo roboti alipewa jina la mtumwa wa kubeba mizigo. Leo tutamtazama roboti wa namna nyingine, ambaye kazi yake ni kupakatwa.

KWA NINI WATU HUFUGA WANYAMA

MWALIMU: Mama, nyumbani kwako wafuga nini?

MAMA: Kuku, Mwalimu, na paka mmoja.

MWALIMU: Huyo paka ana kazi gani?

MAMA: Kazi yake ni panya. Lakini nisiseme uongo. Jioni nikikaa barazani huja akajilaza miguuni pangu, nami humsemesha.

MWALIMU: Naye hujibu?

MAMA: Hajibu. Lakini hunisikiliza vizuri kuliko watu wengi.

MWALIMU: Ahsante, Mama. Basi twaona kwamba mnyama wa nyumbani ana kazi mbili. Kazi ya kwanza yaonekana kwa macho: mbwa hulinda, paka hukamata panya, ng'ombe hutoa maziwa. Kazi ya pili haionekani upesi. Nayo ni kuliwaza. Hilo ni neno la nne ubaoni. Kumliwaza mtu ni kumtuliza moyo anapokuwa na huzuni au mashaka.

Sasa tazameni neno la tatu: upweke. Msidhani kwamba upweke ni kukaa peke yako. Mtu aweza kushinda shambani peke yake kutwa nzima, asione upweke hata kidogo. Mwingine aweza kukaa katika nyumba ya watu mia, akauona. Upweke ni kuona kwamba hakuna mtu anayejali kama upo au haupo.

Twende sasa hata Japani, kwa kuwa huko ndiko wanyama wa mashine walikoenea mapema. Japani ni nchi yenye wazee wengi sana. Karibu watu 3 katika kila watu 10 wamefikia umri wa miaka 65 au kuupita. Vijana wengi hufanya kazi katika miji mikubwa, mbali na wazazi wao. Kwa hiyo wako wazee wengi wanaoishi peke yao, na wengine wamo katika makao ya wazee, yaani nyumba ambamo wazee hutunzwa na wauguzi.

MZEE: Hao wazee si wafuge paka kama Mama huyu?

MWALIMU: Wako wafugao, Mzee wangu. Lakini mengi katika makao hayo hayaruhusu mbwa wala paka. Zipo sababu. Mnyama aweza kuuma au kukwaruza, na ngozi ya mzee ni nyepesi. Manyoya yake huwaletea watu wengine chafya na pumu. Tena, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aweza kusahau kumlisha mnyama siku tatu, au akamlisha mara kumi kwa siku moja. Hapo mnyama mwenyewe ndiye ataabikaye. Basi wataalamu wakajiuliza: je, yawezekana kumpa mzee liwazo la mnyama pasipo mnyama?

WALIVYOANZA

MWALIMU: Mashine za mfano wa wanyama si jambo la jana. Mwaka 1948 na 1949, katika mji wa Bristol, Uingereza, mtaalamu wa mambo ya ubongo jina lake William Grey Walter alitengeneza kobe wawili wa mashine. Kobe hao walikwenda kwa magurudumu. Walifuata mwanga, na walipojigonga kitandani au ukutani waligeuka wakapita njia nyingine. Walikuwa na vifaa vichache mno ndani yao, lakini watu waliowatazama walisema wafanana na viumbe hai. Kumbukeni jambo hilo. Kitu kikijiendesha, mara sisi wanadamu twakipa roho katika mawazo yetu.

Mwaka 1996 kampuni moja ya Japani, Bandai, ilianza kuuza kidude kiitwacho Tamagotchi. Kilikuwa na umbo la yai, kidogo cha kutosha kiganjani, chenye kioo. Katika kioo ilionekana picha ya kiumbe. Mtoto alipaswa kukilisha kiumbe hicho na kukisafisha kwa kubonyeza vitufe. Akikisahau, kilikufa. Viliuzwa makumi ya mamilioni duniani, na wako watoto waliolia machozi kwa ajili ya picha. Hapo wataalamu walijifunza kwamba mtu hukizoea kile anachokihudumia, hata akijua kwamba hakina uhai.

Mwaka 1999 kampuni ya Sony ikatoa mbwa wa mashine, jina lake Aibo. Jina hilo lafanana na neno la Kijapani lenye maana ya mwenzi. Bei yake ilikuwa yeni 250,000, fedha nyingi kwa mtu wa kawaida. Hata hivyo mbwa 3,000 wa kwanza waliotolewa kwa wanunuzi wa Japani walikwisha kwa muda wa dakika 20 hivi. Tutarudi kwa mbwa huyo baadaye, kwa maana habari yake ina fundisho.

SILI WA JAPANI

MWALIMU: Sasa tumtazame mnyama wa mashine aliyetengenezwa makusudi kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Jina lake ni Paro. Aliyemtengeneza ni mhandisi wa Kijapani, Takanori Shibata, wa taasisi ya utafiti ya serikali. Alianza kazi hiyo mwaka 1993, na Paro akaanza kuuzwa Japani mwaka 2005. Ana umbo la mtoto wa sili.

MZEE: Sili ndiye samaki gani, Mwalimu?

MWALIMU: Si samaki. Sili ni mnyama anyonyeshaye watoto wake, akaaye katika bahari za nchi za baridi. Ana mapezi badala ya miguu, na mtoto wa sili wa huko kwenye barafu ana manyoya meupe na macho makubwa meusi.

MZEE: Kwa nini wasitengeneze paka, ambaye kila mtu anamjua?

MWALIMU: Umeuliza vema. Sababu ni hiyo hiyo, kwamba kila mtu anamjua. Shibata alijaribu paka kwanza. Watu wakampakata, kisha wakasema, paka wa kweli hakai hivi, paka wa kweli halii hivi. Lakini ni watu wachache waliopata kumshika sili. Hawana wa kumlinganisha naye, kwa hiyo humpokea kama alivyo.

Sasa sikilizeni jinsi afanyavyo kazi. Neno la pili ubaoni ni kihisio. Kihisio ni kifaa kinachopokea habari kutoka nje, kama vile ngozi yetu ipokeavyo habari ya joto na baridi, na sikio lipokeavyo sauti. Paro ana vihisio vya namna tano. Vya kwanza vyatambua mguso. Vya pili vyatambua mwanga, kwa hiyo ajua mchana na usiku. Vya tatu vyatambua sauti na upande inakotoka. Vya nne vyatambua joto. Vya tano vyatambua mkao, yaani kama amepakatwa au amewekwa chini.

Habari hizo huenda kwenye kompyuta iliyo ndani yake. Kompyuta hutoa amri kwa mota ndogo ndogo, na mota hutikisa kichwa, mapezi na kope za macho. Ukimwita, hugeuza kichwa upande wako. Ukimpapasa, hufumba macho na kutoa sauti. Sauti yenyewe imefuatishwa kutokana na sauti za watoto wa sili wa kweli. Tena hushika mazoea. Akifanya jambo nawe ukampapasa, atajaribu kulifanya tena. Ukimpiga, ataliacha. Ukimpa jina jipya na kumwita kwalo mara nyingi, atalizoea. Uzito wake ni kama kilo 2.7, karibu na uzito wa mtoto mchanga mdogo, ili mikono imwone kuwa ni kitu cha kupakatwa. Betri yake ikiisha hutiwa nguvu za umeme kwa kifaa chenye umbo la chuchu ya mtoto, akaonekana kama ananyonya.

MAMA: Basi, Mwalimu, ajua kwamba mimi ninampapasa?

MWALIMU: Hapo, Mama, ndipo penye kufikiri. Chukua mfano wa kengele ya mlangoni. Ukiibonyeza, italia. Lakini kengele haifurahi kwamba mgeni amefika. Mwenye kufurahi ni mwenye nyumba. Paro ni kengele yenye ufundi mkubwa sana. Mkono wako unapompapasa, habari inafika, kompyuta inatoa amri, macho yanafumba. Furaha ikiwapo, imo ndani yako wewe.

Na sasa tazameni jambo moja la lugha yetu. Twasema mbwa amelala, lakini mashine imezimika. Kiswahili chatutaka tuchague kila tufunguapo kinywa. Je, Paro amelala, au Paro imezimika? Mmenisikia mimi mwenyewe nikisema ageuza kichwa, atoa sauti. Nimemhesabu kama kiumbe kwa sababu ya umbo lake. Ulimi umependa hivyo. Lakini akili yapasa ikumbuke kwamba ndani mna waya na betri.

JE, WASAIDIA KWELI?

MWALIMU: Muuzaji atasema kwamba kila aliyepewa mnyama wa mashine alifurahi. Tusiamini maneno ya sokoni. Mkulima anayetaka kujua kama mbolea mpya yafaa hulima vipande viwili vya shamba, udongo ule ule na mvua ile ile. Kimoja hukitia mbolea, kimoja hakitii. Mwisho wa mavuno hulinganisha. Wataalamu nao walifanya hivyo.

Mwaka 2008 huko Marekani ilitolewa habari ya majaribio katika makao matatu ya wazee. Wazee 38 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilitembelewa na mbwa hai kila juma. La pili lilitembelewa na Aibo, yule mbwa wa mashine. La tatu halikutembelewa na mbwa yeyote. Katika makundi mawili ya kwanza upweke ulipungua, na mbwa wa mashine hakushindwa na mbwa hai.

Mwaka 2013 ikatoka habari nyingine, ya New Zealand. Wazee 40 walishiriki. Nusu yao walikutana na Paro mara mbili kwa juma, kwa majuma 12, na wengine waliendelea na shughuli zao za kawaida. Upweke wa wale waliokuwa na Paro ulipungua. Katika makao hayo alikuwapo pia mbwa hai, na wazee walimgusa na kumsemesha Paro zaidi ya mbwa huyo. Tena, nalo ni jambo la kutia mstari katika daftari zenu, wazee walizungumza wao kwa wao habari za Paro. Waliokaa kimya wakapata la kuulizana.

MZEE: Basi jambo limekwisha. Mashine yafaa.

MWALIMU: Polepole, Mzee wangu. Kuna jaribio la tatu, kubwa kuliko yote mawili. Lilifanywa Queensland, Australia, katika makao 28, kwa watu 415 wenye ugonjwa wa kusahau, na habari yake ikatolewa mwaka 2017. Hapo yalikuwapo makundi matatu. La kwanza lilipewa Paro anayefanya kazi. La pili lilipewa Paro yule yule, lakini amezimwa, kwa hiyo alikuwa mwanasesere wa manyoya tu. La tatu lilipewa matunzo ya kawaida. Wataalamu waliwatazama katika picha za video. Waliopewa Paro anayefanya kazi walionyesha furaha zaidi na wasiwasi mdogo kuliko wa matunzo ya kawaida. Lakini walipolinganishwa na wale wa mwanasesere, tofauti ilikuwa moja tu: walimtazama zaidi na kumsemesha zaidi. Katika mambo mengine mwanasesere aliyezimwa alifanya karibu kazi ile ile.

MAMA: Yaani sehemu kubwa ya dawa ilikuwa ni kupata kitu cha kupakata.

MWALIMU: Umesema kweli. Na Paro huuzwa kwa dola 6,000 hivi, fedha za kununulia ng'ombe wengi. Mwaka 2015 kampuni moja ya Marekani ilitoa paka wa mashine wa bei ya dola 100 hivi. Paka huyo hukoroma na kujipindua akipapaswa. Tangu mwaka 2018 idara ya serikali ya wazee katika jimbo la New York imewagawia wazee wapweke wanyama wa namna hiyo. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia watu kuwatembelea wazee wao, wanyama hao walitakiwa zaidi.

HATARI TATU

MWALIMU: Sasa tuseme upande wa pili. Hatari ya kwanza ni udanganyifu. Mwaka 2002 Robert Sparrow, mwanafalsafa wa Australia, aliandika kwamba mzee anayefarijika kwa mbwa wa mashine amefarijika kwa sababu amekosea. Adhani anapendwa, na kumbe hapendwi. Je, ni heshima kumfanyia mzee hivyo?

Mtaalamu mwingine, Sherry Turkle wa Marekani, amesimulia alivyomwona mwanamke mmoja katika makao ya wazee. Mwanamke huyo alikuwa amefiwa na mtoto. Alikuwa akimsimulia Paro msiba wake, naye Paro alimtazama machoni kama anayefuata maneno. Yule mama akatulia. Watu wengi waliokuwapo walifurahi. Lakini Turkle aliona uzito moyoni, kwa maana mashine ile haijapata kuzaa, haijapata kufiwa, wala haitakufa. Itajuaje maneno ya mama aliyefiwa?

MZEE: Mwalimu, niruhusu niseme. Mimi mwanangu yuko mjini, mbali. Akinipelekea huyo sili, nitajua amenitupa. Msiba wangu niuambie betri?

MAMA: Nami niseme, Mzee wangu, kwa heshima yako. Mimi nilimuuguza mama yangu miaka mitatu. Alikuwa na ugonjwa huo wa kusahau. Usiku alilia akimwita dada yake aliyekwisha kufa zamani. Nilimshika mkono hata alfajiri, na asubuhi nikaenda shamba. Lau ningekuwa na kitu cha kumpa mikononi akatulia, nami nikalala saa mbili tu, nisingeuliza kama kina roho.

MZEE: Hayo ni kweli, binti yangu. Sikuyafikiri.

MWALIMU: Ndugu wasikilizaji, mmesikia maneno mawili, na yote mawili ni ya haki. Mzee anaogopa mashine itakayokuja badala ya mtoto wake. Mama anasema habari za mashine ambayo ingemsaidia mtoto aendelee kukaa na mzazi wake. Mashine ni ile ile. Tofauti ni kama mtu ameondoka au amebaki.

Na hiyo ndiyo hatari ya pili. Mwenye makao ya wazee aweza kusema, sasa tuna wanyama wa mashine, basi tupunguze wauguzi. Mtoto aweza kusema, mama ana paka wake, basi sina haja ya kwenda mwezi huu. Hapo mashine haikumwondolea mzee upweke. Imewaondolea wengine aibu ya kumwacha mpweke.

Hatari ya tatu ni kwamba mashine nayo hufikia mwisho wake. Nilisema tutarudi kwa mbwa Aibo. Mwaka 2006 Sony iliacha kumtengeneza. Mwaka 2014 ikaacha na kumrekebisha. Watu waliokuwa wameishi na mbwa hao miaka kumi wakaona miguu yao inakakamaa na hakuna vipuri. Mafundi waliokuwa zamani wa kampuni hiyo wakaanza kuwatengeneza, wakitumia viungo vya mbwa walioharibika kabisa. Lakini kabla ya kuwafungua, walipelekwa katika hekalu la Kibudha la Kofukuji, mji wa Isumi, wakaombewa dua na kasisi. Ibada hizo zilianza mwaka 2015, na mwaka 2018 ibada moja ilikusanya mbwa 114.

MAMA: Kuishi kwingi ni kuona mengi!

MWALIMU: Tusicheke upesi. Huko Japani ni desturi ya zamani kufanyia ibada hata sindano zilizovunjika na wanasesere waliochakaa, kuvishukuru kwa utumishi wao. Wenye mbwa wale walijua kwamba ni mashine. Walichokiaga ni miaka ya maisha yao waliyoishi pamoja nao. Mwaka 2018 Sony ikaanza kuuza Aibo mpya. Huyu huunganishwa na intaneti, na mwenyewe hulipa ada juu ya bei ya kumnunua. Kwa hiyo mwenye mbwa wa mashine hutegemea kampuni. Kampuni ikiamua kufunga kazi, mbwa wako naye yumo katika uamuzi huo.

MNYAMA HAI NA MNYAMA WA MASHINE

MWALIMU: Andikeni safu mbili katika daftari zenu. Juu ya safu ya kwanza andikeni "hai", juu ya safu ya pili "mashine".

Mnyama hai hula, huugua, huchafua nyumba, na siku moja hufa. Aweza kuuma. Lakini ana mapenzi yake mwenyewe. Akija miguuni pako, amekuja kwa kutaka, na angeweza kukaa kwingine. Tena hukutaka uamke, umlishe, utoke naye nje, ukutane na majirani.

Mnyama wa mashine hana njaa wala kichaa cha mbwa. Mgonjwa akimbana kwa nguvu, hakuna aumiaye. Akisahauliwa juma zima, hakuna afaye. Kwa mgonjwa asiyeweza tena kumtunza kiumbe, hiyo ni faida kubwa, na ni rehema kwa wanyama pia. Lakini hakuchagui, kwa kuwa hawezi kukukataa.

Basi, kwa mtu mwenye nguvu za kumtunza mnyama hai, mashine si badala yake. Kwa mtu asiyeweza tena, mashine ni bora kuliko mikono mitupu.

NENO LA MWISHO

MWALIMU: Tukusanye tuliyojifunza. Mnyama wa mashine hana upendo, lakini utulivu aupatao mgonjwa ni wa kweli, nao umepimwa. Hafanyi miujiza, kwa maana mara nyingine mwanasesere wa manyoya hufanya karibu kazi ile ile. Hufaa zaidi anapowekwa katikati ya watu, wakapata la kuzungumza, kama wale wazee wa New Zealand. Hudhuru anapowekwa chumbani na mlango ukafungwa nyuma yake.

Kwa hiyo, mkisikia habari za mashine mpya ya kuwaliwaza wazee, msiulize tu yafanya nini na yauzwa kiasi gani. Ulizeni pia: baada ya kuileta, ni nani atakayekaa kando ya mzee? Kama yupo mtu, mashine ni msaada. Kama hayupo, mzee hajatunzwa. Na mzee mwenyewe akiuliza, je, huyu ni mnyama kweli? aambiwe kweli, kwa upole. Kumliwaza mtu hakutuondolei wajibu wa kumheshimu.

Muda wetu umekwisha. Viongozi wa madarasa, sasa zimeni redio, na mazungumzo yaanze. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja sababu tatu zinazofanya makao ya wazee yakataze mbwa na paka.
2. Kwa nini Paro alipewa umbo la sili na si la paka?
3. Katika jaribio la Australia, kwa nini kundi moja lilipewa Paro aliyezimwa? Eleza kwa mfano wa mkulima na mbolea.
4. Mzee na Mama walisema maneno yenye kutofautiana. Wewe wakubaliana na yupi, na kwa nini?
5. Katika kijiji au mtaa wenu yuko mzee anayeishi peke yake? Darasa lenu laweza kumfanyia nini juma hili?

ZOEZI LA KUANDIKA

Jaza neno lifaalo: "Paka wa mashine wa jirani (ameharibika / imeharibika)." Kisha andika sentensi mbili kueleza kwa nini umechagua neno hilo.

MANENO MAPYA

Roboti: mashine yenye kompyuta, iwezayo kufanya kazi yenyewe.
Kihisio: kifaa kipokeacho habari ya mguso, mwanga, sauti, joto au mkao.
Upweke: hali ya mtu kuona kwamba hakuna anayemjali.
Kuliwaza: kumtuliza moyo mwenye huzuni.
Shokoa: kazi ya kulazimishwa.